JIRANI WA CHINI YA MTO

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, katika maandalizi ya kuukaribisha mwezi mtukufu wa Ramadhani. Tumeiacha karibu na ilivyosemwa.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni akaihuisha kwayo ardhi iliyokuwa imekufa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Wa baad.



Kwanza naomba radhi. Mimi ni mwanafunzi tu, na katika ukumbi huu naona walimu ambao ningepaswa kukaa chini niwasikilize. Lakini ndugu zetu wa kamati waliniambia, "Wewe ndiye uliyetuchosha na habari za mto, basi simama useme." Nimesimama. Nikikosea nisahihisheni, na nikisema la haki basi hiyo ni taufiki ya Mola.

SWALI LA MTOTO

Siku za Jumamosi na Jumapili huwa nasaidia kusomesha watoto katika madrasa moja hapa Majengo. Siku moja tulikuwa tunazungumzia fadhila za swala, nikawapa hadithi ile mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Nyote mwaijua. Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba zake: lau mtu ana mto mlangoni pake, na kila siku huoga humo mara tano, je, atabakiwa na uchafu wowote mwilini? Wakasema hatabakiwa na kitu. Akawafahamisha kwamba hivyo ndivyo zilivyo swala tano, Mwenyezi Mungu hufuta madhambi kwazo.

Mimi nilipofundishwa hadithi hii nilikuwa mdogo, chuoni kwetu upande wa Mambrui, kaskazini ya Malindi. Haikunipa taabu hata kidogo. Mto tulikuwa nao. Kila tukienda Malindi tulikuwa twauvuka Sabaki. Kweli maji yake ni mekundu wakati wa mvua, na viboko wamo, hakuna mzazi aliyetuacha tuoge hovyo. Lakini ulikuwa ni mto, na mtu akisema mto tulijua asemalo.

Basi nikawasomea watoto wa Majengo, nikadhani nimemaliza. Kijana mmoja wa miaka minane hivi akainua mkono. "Ustadh, mto upi? Huu wetu ukioga mara tano si utakufa?"

Wenzake wakacheka. Nikamwambia, "La, hapa makusudio ni mto msafi." Akanitazama, akaniuliza, "Uko wapi?"

Sikuwa na jawabu. Nikaendelea na somo, lakini wallahi swali lile lilinifuata mpaka chumbani. Mtume wetu (s.a.w.) alichagua mfano ambao kila mtu angeufahamu, mkubwa kwa mdogo. Ukifika wakati mtoto wa Kiislamu haufahamu mfano huo kwa sababu hajapata kuona mto unaotakasa, sisi wakubwa tuna la kujibu.

MTO MMOJA, MAJINA MANNE

Wengi wetu twadhani Mto Nairobi ni ule mtaro mweusi unaopita nyuma ya Gikomba. Ukipita hapo unaziba pua, unaharakisha miguu, basi. Hatuulizi watoka wapi wala waenda wapi.

Unatoka Ondiri, kinamasi kilichoko Kikuyu, si mbali na hapa. Jina lenyewe la jiji letu limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Waliolipa mahali hapa jina hawakuwa wakifanya mzaha. Walikuta maji baridi. Kutoka Ondiri mto unashuka, unaingia mjini, unapita Gikomba, unaelekea mashariki. Una ndugu zake: Mto Mathare, na Mto Ngong ambao unapita kando ya Kibera na eneo la viwanda. Huko chini mto unapita karibu na Dandora, penye jaa kuu la jiji lililofunguliwa miaka ya 1970.

Kisha? Hapo ndipo wengi wetu hukatiza hadithi. Kisha Mto Nairobi unaingia Mto Athi. Athi unapita maporomoko ya Fourteen Falls, unateremka Ukambani, katika Machakos, Makueni na Kitui, ambako watu huyatumia maji hayo kwa mifugo na mashamba. Unafika Tsavo, unaungana na Mto Tsavo, na kuanzia hapo jina lake ni Galana. Galana unakata mbuga nzima, unaingia Kilifi, na karibu na pwani unaitwa Sabaki. Unaishia Bahari ya Hindi, baina ya Malindi na Mambrui.

Ndugu zangu, mto huo ni mmoja. Ni wa pili kwa urefu katika Kenya baada ya Tana. Nairobi, Athi, Galana, Sabaki: majina manne, maji mamoja. Mimi nimekulia mwisho wake, nikaja kusoma mwanzoni mwake, na nilikaa karibu mwaka mzima hapa kabla ya kutambua kwamba mto ninaouzibia pua ndio ule ule unaopita kwetu.

Na hao wa chini si watu wachache. Pale Baricho, kando ya Sabaki, kuna visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto. Maji yake ndiyo yanayopelekwa Malindi, Watamu, Kilifi, na sehemu ya Mombasa. Kwa hiyo ukiwa na shangazi Kisauni au mjomba Malindi, huenda amepikia uji wa futari maji ya mto huu. Mdomo wa Sabaki nao una mikoko, una ndege wanaotoka nchi za mbali, na kusini yake kuna Hifadhi ya Bahari ya Malindi iliyotangazwa mwaka 1968, yenye matumbawe na samaki ambao wavuvi wetu wanawategemea. Tope likizidi, matumbawe hayapumui.

Niwe mwadilifu katika hili. Tope jingi halitoki Nairobi, linatoka katika ardhi iliyokatwa miti na kulimwa mpaka ukingoni mwa mto, huko njiani. Lakini majitaka, mafuta ya gereji, chupa na plastiki, hayo yana kwao. Na kwao ni hapa petu.

HAKI YA JIRANI ALIYE CHINI

Sasa dini yetu yasemaje? Watu wengine husikia neno mazingira wakadhani ni mambo ya wazungu na semina za hotelini. Hebu tuangalie.

Qur'ani, katika Suratul Anbiyaa aya ya 30, yatufundisha kwamba kila kilicho hai kimefanywa kutokana na maji. Katika Suratur Rum aya ya 41 twafahamishwa kwamba uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Barani na baharini, vyote viwili. Mto ndio unaoviunganisha.

Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud ameonya juu ya mambo matatu yanayomletea mtu laana: kujisaidia mahali watu wanapoteka maji, njiani, na kivulini wanapopumzika. Fikirini, mtu mmoja akijisaidia kisimani yuko katika hatari ya laana. Je, mtaa mzima unaoelekeza mabomba ya vyoo mtoni?

Iko pia hadithi ya Saad (r.a.) aliyekuwa akitia udhu akimwaga maji mengi, akakatazwa israfu hata kama yuko kwenye mto unaokwenda. Wanavyuoni wameizungumzia sanadi yake, lakini maana yake inaafikiana na makatazo ya israfu yaliyomo ndani ya Qur'ani.

Lakini hadithi ninayotaka tuondoke nayo leo ni ya Zubayr (r.a.). Imo katika Bukhari na Muslim. Zubayr alikuwa na mitende, na mfereji wa maji ukipita kwake kwanza kabla ya kufika kwa jirani yake, mtu wa Ansar. Wakagombana juu ya maji, wakampelekea Mtume (s.a.w.). Akamwelekeza Zubayr amwagilie mitende yake, kisha ayaachilie maji yaende kwa jirani yake.

Tazameni hukumu hiyo. Aliye juu ana haki ya kutumia, hakunyimwa. Lakini maji si yake peke yake. Ana jirani, na jirani huyo hatambuliki kwa ukuta wa nyumba, anatambulika kwa mfereji. Anayekunywa baada yako ni jirani yako, hata akiwa mbali nawe.

Twasoma sana juu ya haki za jirani. Twapelekeana sambusa na kaimati Ramadhani nzima, alhamdulillahi. Sasa mimi nauliza: sisi wa Nairobi tunampelekea nini jirani yetu wa Sabaki?

TULIYOYAONA RAMADHANI ILIYOPITA

Hapa nataka kusema jambo ambalo si rahisi kulisema. Nimewaomba ruhusa wenzangu kabla ya kulileta mbele yenu, wakakubali.

Ramadhani iliyopita, kama mnavyojua, vijana tuliandaa futari ya pamoja. Kila jioni walikuja watu kama mia tatu: wasafiri, wanafunzi, wapagazi wa sokoni, na majirani wasio Waislamu pia. Wahisani walijitolea, Mwenyezi Mungu awalipe. Tulinunua visahani vya plastiki, vikombe vya kutupa, vijiko, chupa ndogo za maji, na visanduku vya chakula cha kubeba kwa wasioweza kukaa. Kuna mhisani mmoja aliyetoa kwa niaba ya mamake aliyefariki. Akatuletea vikaratasi vilivyochapishwa tuvibandike juu ya visanduku, vya kuwaomba wafungaji wamkumbuke marehemu kwa dua.

Takataka zilikuwa nyingi kila usiku. Tukampata kijana mwenye mkokoteni, tukamlipa shilingi mia mbili kwa usiku mmoja azizoe. Sisi tukaenda tarawehe. Tulikuwa twajisifu jinsi uwanja unavyobaki safi.

Sasa, kikundi chetu huwa na siku ya kusafisha ukingo wa mto mara moja kwa mwezi. Katika kumi la mwisho tukaamua tusiache, tukatoka Jumapili baada ya Alfajiri, na majirani zetu wa kanisa la hapo karibu wakaungana nasi kama kawaida. Tulikuwa na glavu, buti, reki na magunia. Hatujafanya kazi nusu saa, dada mmoja akaniita. Hakusema kitu, alionyesha kwa kidole tu.

Visanduku vyetu vilikuwa vimekwama matopeni, vingi, na visahani na vikombe juu yake. Na kwenye kimoja kile kikaratasi kilikuwa bado kimebandika, jina la marehemu linasomeka, mumo humo ndani ya uchafu.

Ndugu zangu, niliona haya ambayo sijapata kuiona. Tulikuwa tumeswali, tumefunga, tumelisha mafukara, na kwa mikono hiyo hiyo tumeichukua swadaka ya mtu kwa ajili ya mamake tukaitupa mtoni. Majirani zetu waliona pia. Mzee mmoja wao akakiokota kile kisanduku, akakibandua kikaratasi polepole, akakifuta, akanipa mkononi. Hakutulaumu. Afadhali angetulaumu.

Tulimtafuta yule kijana wa mkokoteni. Baadhi yetu walikwenda na hasira. Tulipomuuliza alitujibu kwa utulivu: "Mlinipa mia mbili usiku. Dandora ni mbali, na jaani pia wanataka pesa. Mlidhani napeleka wapi?"

Hapo tukanyamaza. Maana kweli, hatukudhani. Hatukuuliza. Tulinunua ule usafi wa uwanja wetu, na bei yake tukamwachia mtu wa chini ya mto ailipe.

Usiku ule katika kikao mmoja wetu alisema jambo hili lifichwe, mhisani akijua hatatoa tena. Dada yule yule aliyekiona kisanduku akasema, "Amana haifichwi." Tukaenda watatu tukamwambia mhisani. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwaka ujao nitanunua sinia."

Sinia! Tulizolelewa nazo sisi watu wa pwani. Watu watano au sita mnazunguka sinia moja, mnakula kwa mkono, hakibaki kitu cha kutupa ila kokwa za tende. Kukusanyika juu ya chakula ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) na kuna baraka yake. Tuliiacha baraka hiyo kwa kuona visahani vya plastiki ni maendeleo.

MAFUNZO MATANO KWA ANAYETAKA KUJITOLEA

Kutokana na kisa hicho, na kutokana na kazi yetu ya kila mwezi, haya ndiyo tuliyojifunza. Nayasema ili wenzetu wa mitaa mingine wasianzie tulipokosea.

La kwanza, ujue taka yako yaishia wapi. Kabla ya kuokota ya mwenzako, fuata ya kwako mpaka mwisho wake. Hilo ni kwa nyumba, kwa madrasa, kwa msikiti na kwa kila mwenye harusi. Mlipe mzoaji kiasi kinachomfikisha jaani, na siku moja fuatana naye.

La pili, kusafisha mara moja si kitu. Wiki ya kwanza tulijaza magunia tukapiga picha. Wiki ya pili palikuwa kama hatujafika. Tulivunjika moyo. Mwalimu mmoja akatukumbusha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo. Tukachagua kipande kimoja kifupi, tukasema hiki ndicho chetu. Tunarudi papo hapo kila mwezi.

Nakumbusheni habari ya marehemu John Michuki. Alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia mwaka 2008, ule upande wa mto karibu na mzunguko wa Globe ulisafishwa mpaka watu wakashangaa. Alifariki mwaka 2012. Bustani iliyobaki na jina lake ikadhoofika kwa miaka, hadi ilipokuja kufufuliwa tena. Mto unaomtegemea mtu mmoja, hata awe waziri, mwisho wake huo. Unahitaji wenyewe.

La tatu, msiwadharau wanaoishi ukingoni. Hakuna anayependa kukaa juu ya uchafu. Mafuriko ya mvua za Machi hadi Mei 2024 yaliwaua zaidi ya watu 200 katika nchi yetu, na wa Mathare walikuwa miongoni mwao. Mto uliozibwa kwa taka huwarudia wao kwanza. Kwa hiyo ukienda kusafisha, anza kwa salamu na kuuliza, si kwa kuwafundisha. Na mwende mkaone mfano wa vijana wa Korogocho, ambao waliligeuza jalala kando ya mto huu huu kuwa bustani. Hawakungoja mtu wa mbali awafanyie.

La nne, linda roho yako na ya mwenzako. Matope yale yana vigae, sindano na majitaka. Asiye na buti na glavu abaki juu, ahesabu magunia au agawe maji. Watoto wasishuke. Mvua ikinyesha, hakuna kazi. Mkirudi, kila mtu aoge kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Niliona aibu kidogo kuliandika hili, lakini kuna mwenzetu alikatwa mguu na kioo, akalala kwa homa wiki nzima. Nia njema haizuii tetanasi.

La tano, jueni haki zenu. Reki haiwezi kuzuia bomba la kiwanda. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, na wala halazimiki kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Iko NEMA ya kupelekewa malalamiko. Chini ya sheria za maji kuna vyama vya watumiaji wa maji ambavyo wananchi wa bonde moja hujiunga kuutunza mto wao. Serikali nayo mwaka 2025 ilizindua mpango wa kuurejesha Mto Nairobi. Tuuombee kheri mpango huo, tuufuatilie, na tuulize maswali. Kukataza maovu kwa ulimi ni daraja pia, na barua ni ulimi.

TUUSHEREHEKEE PIA

Mwisho nataka kusema neno juu ya furaha. Mtu hawezi kukipenda kitu anachokutana nacho siku ya kuokota uchafu tu. Ndiyo maana duniani watu wameweka Siku ya Mito, kila Jumapili ya nne ya Septemba, tangu mwaka 2005, kuikumbuka mito yao kwa furaha. Na kwetu sisi kuitaja neema na kuishukuru ni jambo lililoamrishwa.

Basi mwaka jana tuliwachukua watoto wa madrasa, na yule mwulizaji wangu akiwemo, tukawapeleka Ondiri. Wenyeji wa pale wamejitolea kwa miaka kukihifadhi kinamasi chao, na walitupokea vizuri. Watoto walishangaa. Waliona mafunjo yanavyoelea juu ya maji, walisikia ndege. Tulipofika maji yanapotokea, wakati wa Adhuhuri ulikuwa umeingia. Nikawaambia watie udhu.

Yule kijana aliinama, akatia mkono, akautoa haraka. "Ustadh, ni baridi!"

Nikamwambia, "Huo ndio Mto Nairobi."

Hakuamini. Alinusa kiganja chake. Kisha akatia udhu polepole, kiungo kwa kiungo, kama mtu anayeogopa kumwaga. Siku ile sikuwa na haja ya kuifasiri hadithi.

Sisemi mto wetu wa Gikomba utakuwa hivyo kesho. Lakini mtoto yule sasa anajua kwamba uchafu haukuumbwa na mto. Uliletwa, na kilicholetwa chaweza kuzuiwa.

OMBI LANGU

Nina nyanya yangu huko kwetu, karibu na Sabaki. Hajapata kufika Nairobi. Lakini mvua ikinyesha bara, yeye hujua kabla ya redio. Huona rangi ya mto. Hunipigia simu, baada ya salamu huniuliza, "Mjukuu wangu, huko juu kumenyesha?" Nami humwambia, "Naam nyanya, kumenyesha." Husema, "Nimeona. Mto umeleta vitu vyenu."

Vitu vyenu. Ramadhani iliyopita aliponiambia hivyo, nilikumbuka kile kisanduku, nikakosa la kusema.

Seyyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma Madina kwa mali yake, akawapa Waislamu wanywe bure. Sisi hatuna mali ya kununua mto. Lakini kuna swadaka ambayo kila mmoja wetu aiweza, nayo ni kumwondolea jirani yake udhia. Tumefundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Maji nayo ni njia, na wenye kuipita ni wengi.

Kwa hivyo Ramadhani hii, inshaallah, futari yetu itakuwa ya sinia. Maji yatakuwa kwenye madumu na vikombe vya kuosha. Mzoaji atakuwa yule yule kijana, kwa malipo ya haki, na kila usiku mmoja wetu atafuatana naye hadi jaani kisha arudi kuikamilisha tarawehe yake nyumbani. Tunahitaji majina thelathini. Jina la kwanza ni langu. Karatasi iko hapo mlangoni kwa dada zetu, na nyingine kwa ndugu upande huu. Akina mama, sinia za akiba mlizozifungia kabatini kwa ajili ya harusi, tunaziomba kwa mwezi mmoja, tutazirudisha zimeng'aa. Na Jumapili ya kwanza baada ya Idi, mtoni, baada ya Alfajiri.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulichokitupa bila kujua na tulichokitupa tukijua. Mrehemu mama yule ambaye jina lake tuliliangusha matopeni, na uzifikishe kwake dua za waliokula chakula chake. Wanyweshe waja wako maji masafi, walio juu na walio chini. Tufikishe Ramadhani tukiwa na afya na nia safi. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.